Kilo moja ya boroni kutoka Mwanjelwa: maoni yangu baada ya msimu mzima

Nimefundisha kemia kwa miaka tisa hapa Rungwe, na kila mwaka nikifika kwenye elementi namba 5 nilikuwa napita haraka. Kaboni ina mkaa, sodiamu ina chumvi ya kila jikoni, alumini ina masufuria. Boroni ilikuwa herufi B tu kwenye chati ya ukutani. Mwaka jana nikainunua kilo nzima kwa shilingi 14,000, tena si kwa ajili ya darasa bali kwa ajili ya miparachichi ya mama. Msimu umekwisha, matunda yameuzwa, na pakiti ile imepita shambani na maabara. Sasa naweza kuieleza vizuri, uzuri wake na kasoro zake.

Bidhaa yenyewe ni mbolea ya boroni ya kupulizia kwenye majani, ile inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo: unga mweupe, laini kama sembe, usio na harufu. Watengenezaji wake ni wengi. Kinachofaa kutazamwa ni fomula iliyoandikwa nyuma ya pakiti, Na₂B₈O₁₃·4H₂O. Ukiikuta hiyo, basi tunazungumzia kitu kimoja hata kama rangi ya mfuko ni nyingine.

Mama ana miparachichi 36 ya aina ya Hass nyuma ya nyumba, chini kidogo ya Tukuyu, kwenye udongo mweusi wa volkano ambao kila mtu anaamini hauwezi kukosa kitu. Kumbe unaweza. Kwa miaka miwili mfululizo majani machanga yalitoka na vitundu vya mviringo, utadhani mdudu amekula, na matunda yakawa yanapinda upande mmoja kama mundu. Kwenye tumbo la ule mpindo kuna kidonda kikavu cha kahawia. Mnunuzi akija na kreti zake, hayo anayaweka pembeni bila hata kuyapima. Tunayaita rijekti. Mama alikuwa akiyabeba kwa ndoo na kuwauzia wachuuzi wa barabarani kwa bei ya kutupa.

Bwana shamba alipoyaona alisema neno moja tu: boroni.

Jaribio langu la kwanza liliharibika, na nalieleza ili mwingine asipite nilipopita. Nilinunua mahali fulani unga mweupe uliofungwa kwenye nailoni isiyo na maandishi yoyote. Muuzaji akaniambia, "Nusu kikombe kwa bomba la kupulizia, mama, utakuja kunishukuru." Nikamwamini. Nilipuliza miti sita ya karibu na jiko. Hazikuisha wiki mbili, majani yakaanza kuungua ncha na kingo, kahawia kabisa, kama karatasi iliyopitishwa juu ya moto. Mama hakunilaumu hata kidogo. Alikuwa akipita asubuhi, anaokota jani moja moja, anaangalia, anaweka chini. Ile hali iliniuma kuliko angenifokea.

Ndipo nikaenda Mbeya mjini mwenyewe, kilomita kama 70, na kushuka sokoni Mwanjelwa. Maduka mawili ya kwanza hayakuwa nayo. La tatu nilimkuta binti mdogo, amejifunga kitenge, anapanga chupa za dawa za ukungu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Una boroni?"

"Ya kupima au ya pakiti?"

"Ya pakiti, yenye maandishi."

"Ya pakiti bei iko juu kidogo, mama. Ya kupima ni nafuu."

"Ya kupima nimeshaijaribu, mwanangu. Nipe yenye maandishi."

Akapanda kwenye stuli, akaitoa rafu ya juu kabisa. Ilikuwa na vumbi mgongoni lakini haijafunguliwa, tarehe zake ziko sawa. Binti yule alinipa risiti bila kuombwa, na aliniambia ukweli kwamba kipimo hakijui, nisome mwenyewe. Namheshimu kwa hilo. Muuzaji anayekwambia hajui anakusaidia kuliko yule anayekubunia kipimo papo hapo.

Sasa nije kwenye maandishi ya pakiti, maana hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba nimenunua kifaa cha kufundishia. Kwa mbele imeandikwa B 20.9%. Basi. Mkulima asiyesoma kemia ataiona namba hiyo na kuiruka. Niliipeleka darasani, kidato cha tatu, nikaiandika ubaoni pamoja na fomula, nikawauliza: hii 20.9 imetoka wapi?

Walihangaika dakika kumi. Sodiamu mbili, 46. Boroni nane kwa 10.8, inakuwa 86.4. Oksijeni kumi na tatu, 208. Maji manne, 72. Jumla 412.4. Gawanya 86.4 kwa 412.4, zidisha kwa mia: 20.95. Binti mmoja wa kiti cha nyuma, ambaye kwa kawaida haongei neno kwenye kipindi changu, aliinua mkono akasema, "Madam, kwa hiyo kilo hii ndani yake boroni ni gramu 209 tu? Hizo nyingine 791 ni za nini?" Swali hilo ndilo nililokuwa nalitafuta miaka tisa.

Nyingine ni oksijeni, sodiamu na maji. Boroni haipatikani peke yake mahali popote ardhini. Karibu siku zote imeshikana na oksijeni. Inachimbwa kama madini ya borati, hasa Uturuki, nchi yenye akiba kubwa kuliko zote duniani, na California huko Marekani. Neno boraksi tumelipata kupitia Kiarabu na Kiajemi, watu wameyatumia madini hayo karne nyingi kabla hawajajua kilichomo ndani. Boroni yenyewe ilitengwa mwaka 1808, karibu kwa wakati mmoja, na Humphry Davy huko London na Joseph Louis Gay-Lussac pamoja na Louis Jacques Thénard huko Paris. Hata hivyo waliyoipata haikuwa safi. Boroni safi ilisubiri hadi 1909, kwa Ezekiel Weintraub huko Marekani. Miaka mia moja na moja kutoka kuipata hadi kuisafisha! Inang'ang'ania wenzake kiasi hicho.

Mwanafunzi mwingine aliuliza kwa nini tunatumia 10.8 na si namba kamili. Kwa sababu atomi za boroni ziko za aina mbili. Zote zina protoni 5, lakini takriban asilimia 20 zina nyutroni 5 na asilimia 80 zina nyutroni 6. Chukua 10 mara 0.2, jumlisha 11 mara 0.8, unapata 10.8. Ile aina nyepesi ina kazi yake kubwa: inameza nyutroni kwa pupa, ndiyo maana boroni hutumika kudhibiti mmenyuko kwenye vinu vya nyuklia.

Lakini jambo ninalotaka mwanafunzi aondoke nalo ni moja. Boroni ina elektroni 5: mbili ndani, tatu nje. Hizo tatu za nje ndizo zinazoeleza kila kitu kilichotokea kwenye shamba la mama.

Alumini iko kundi lilelile la 13, nayo ina tatu nje, lakini inazitoa kirahisi, ndiyo maana ni metali, inapitisha umeme na joto, inayeyuka kwa nyuzi 660 tu za Selisiasi. Boroni ni atomi ndogo, kiini kinazivuta zile elektroni kwa nguvu, haiziachii. Inashirikiana tu. Kwa hiyo si metali, wala si simetali ya kawaida, tunaiita nusu-metali. Boroni ya fuwele ni nyeusi, inang'aa, ngumu karibu na almasi, takriban 9.3 kwenye kipimo cha Mohs kinachoishia 10, na haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 2,076. Ya unga ni ya kahawia. Ikiwa baridi inapitisha umeme vibaya sana, ukiipasha moto inapitisha vizuri zaidi, kinyume cha waya wa shaba.

Sasa ikishirikiana zile tatu, inapata elektroni sita kuizunguka, na zinazotakiwa ni nane. Ina upungufu wa mbili. Ukiitia ndani ya maji na udongo inakaa kama asidi ya boriki, B(OH)₃, molekuli ambayo haina chaji. Hapo ndipo Tukuyu inapoingia. Chembe za mfinyanzi zina chaji hasi, zinashika potasiamu na kalsiamu kwa sababu zenyewe ni chanya. Asidi ya boriki haina chaji, haishikwi kwa nguvu hiyo. Mvua yetu, ambayo kwa mwaka inapita milimita 2,000, inaiosha na kuipeleka chini, mbali na mizizi. Udongo mweusi, wenye rutuba, unaootesha mgomba bila jasho, na bado mti unalia njaa ya kitu kimoja. Nilipolieleza hili darasani, mvua ilikuwa inapiga bati, wakageuka wote kutazama dirishani.

Na mmea unaitaka kwa nini? Aliyethibitisha kwamba mmea hauwezi kuishi bila boroni ni mwanamke, Katherine Warington, mwaka 1923, katika kituo cha utafiti cha Rothamsted huko Uingereza, akitumia maharage mapana. Nilimtaja darasani kwa makusudi, mbele ya wasichana. Ndani ya mmea boroni inafunga ukuta wa seli. Fikiria nyumba ya miti na fito: fito zipo, udongo upo, lakini bila kamba za kufungia, ukuta unalegea. Boroni ni ile kamba, inashika nyuzi mbili za pektini, moja ya vitu vinavyojenga ukuta huo, na kuziunganisha. Panapokua upya ndipo panapohitaji kamba: ncha za matawi, majani machanga, tunda dogo, na ule mrija mwembamba unaoota kutoka kwenye chavua kwenda kulirutubisha ua. Tunda likikosa boroni upande mmoja, upande huo haukui sawasawa na mwingine, linapinda. Mundu ule sikuuelewa mpaka nilipoliona jambo hili.

Turudi kwenye pakiti. Kijiko cha kupimia hakimo. Kwa bidhaa ambayo tofauti kati ya kipimo cha kutosha na cha kuunguza ni ndogo kiasi hiki, hilo ni kosa kubwa, na ndiyo sababu ya kwanza nisiipe nyota tano. Maelekezo yanasema gramu 1 kwa lita moja ya maji. Nani shambani ana mizani ya gramu? Mimi niliichukua ya maabara. Kijiko changu cha chakula, kilichosawazishwa kwa kisu, kilibeba gramu 7. Kilichorundikwa kilibeba 12. Bomba langu ni la lita 16, kwa hiyo nahitaji gramu 16: vijiko viwili vya kusawazisha na kidogo juu yake. Usichukue vijiko vyangu kama sheria, unga wa pakiti yako unaweza kuwa mzito au mwepesi zaidi. Peleka kijiko chako kwa mtu mwenye mizani ndogo, hata sonara, pima mara moja, maliza.

Ule unga wa nailoni nao nilitaka kujua ulikuwa nini. Nilikuwa nimebakiza kidogo. Tukapima gramu 10 za kila aina, tukaziweka kwenye vikombe vya kauri juu ya jiko la gesi. Ule wa nailoni ulianza kuchemka wenyewe, ukavimba kama bisi, ukajaa hadi ukingoni, kisha ukasinyaa na kuwa tone angavu kama kioo. Ulipopoa tukapima: gramu 5 na nusu. Wa pakiti ulivimba kidogo tu, ukabaki gramu 8.3. Hesabu inasema boraksi ya kawaida, Na₂B₄O₇·10H₂O, karibu nusu ya uzito wake ni maji, asilimia 47. Wa pakiti una maji asilimia 17 na nusu. Basi ulikuwa boraksi, na boraksi ina boroni asilimia 11.3 tu.

Mtu atasema: sasa mbona iliyo dhaifu ndiyo iliyounguza? Piga hesabu. Nusu kikombe ilikuwa takriban gramu 100, ndani yake boroni gramu 11.3 kwenye bomba moja. Kipimo sahihi cha pakiti ni gramu 16, ndani yake boroni gramu 3.3. Nilikuwa nimeipa miti ya mama zaidi ya mara tatu. Unga haukuwa na hatia, hata boraksi ni mbolea ikipimwa. Kilichokosekana ni maandishi.

Kuyeyuka kwake ni kuzuri. Nilikoroga kwanza kwenye lita mbili za maji ya kawaida ndani ya ndoo, ukapotea kabisa bila kuacha tope chini, nozeli haikuziba hata mara moja kwa siku nzima. Maji yake yana ubesi kidogo, yanageuza karatasi ya litmasi nyekundu kuwa ya buluu, kwa sababu unga huu ni chumvi ya asidi dhaifu na besi kali. Kwa hiyo usichanganye ovyo na dawa za wadudu kwenye bomba moja. Zipo zinazoharibika kwenye maji ya namna hiyo. Nilipuliza peke yake, alfajiri, kabla nyuki hawajaamka, maua yakiwa bado yamefumba nusu. Lita tatu kwa kila mti. Miti 32, lita 96, bomba sita kamili, gramu 96. Nikarudia mara moja baadaye. Miti minne ya mwisho, kwenye mtaro, niliiacha makusudi bila kitu ili nione tofauti.

Tofauti niliiona kwanza kwenye majani. Machipukizi yaliyofuata yalitoka mazima, mapana, bila vitundu. Wakati wa kuvuna nilikaa na mama chini ya mti tukayachambua. Kreti ya kwanza ya miti minne ilitoa maparachichi 11 yaliyopinda. Kreti ya kwanza ya miti iliyopuliziwa ilitoa mawili. Msimu huo jua lilikuwa jema wakati wa maua na nyuki walikuwa wengi, kwa hiyo sitaipa pakiti sifa zote. Ila mama, ambaye hana habari na fomula yoyote, aliniambia, "Mwanangu, ile minne nayo mwaka huu usiinyime."

Kwenye maabara ilinipa mambo matatu, na la kwanza nitalikumbuka daima. Niliweka unga kiasi cha ncha ya kijiko kwenye kibakuli cha kauri, nikadondosha asidi kali ya salfa matone machache, nikaongeza spiriti, nikafunga mapazia, nikawasogeza wanafunzi nyuma hatua tano. Nikawasha. Moto wa spiriti huwa wa buluu hafifu. Huu ulianza hivyo, kisha kingo zake zikageuka kijani, kijani cha jani changa la chai, ukawa unapanda na kushuka. Darasa la watoto sitini na wawili lilinyamaza. Hicho ndicho kitambulisho cha boroni, na kazi hiyo aifanye mwalimu, si mwanafunzi, kwa sababu ya ile asidi na mvuke wake.

La pili ni shanga. Pinda kitanzi kwenye ncha ya waya wa nikromu, upashe, uchovye kwenye unga, urudishe motoni mpaka iyeyuke na kuwa shanga angavu. Igusishe punje ndogo sana ya salfeti ya shaba, ipashe tena. Ikiwa ya moto ni kijani, ikipoa inakuwa ya buluu. Wanafunzi wanne waliomba kwenda nazo nyumbani.

La tatu lilikwenda lenyewe. Niliyeyusha unga mwingi kwenye maji ya moto, nikaongeza asidi ya hidrokloriki, nikaacha dirishani usiku wa mwezi wa saba. Friji hatuna, ila baridi ya Tukuyu inatosha. Asubuhi chombo kilijaa magamba meupe yanayometameta: asidi ya boriki. Ukiyasugua kati ya vidole yanateleza kama sabuni kavu, kwa kuwa molekuli zake zimepangana kwa tabaka zinazosukumana kirahisi. Nawa mikono baadaye. Chombo chenyewe kilikuwa cha glasi ya borosilikati, ile ya maabara inayovumilia maji ya moto kwa kuwa hutanuka kama theluthi moja tu ya glasi ya kawaida. Chupa ya jemu tuliyoijaribu kando yake ilipasuka kitako. Boroni kwenye chombo, boroni kwenye maji.

Kasoro ya pili ya pakiti ni ya usalama, na hapa naomba watengenezaji na waagizaji wasikie. Hakuna neno hata moja la Kiswahili. Niliiacha siku moja kwenye meza ya jikoni, imefunguliwa. Nikamkuta mama ameshika kijiko, sufuria ya makande iko motoni.

"Mama, unafanya nini?"

"Si magadi haya uliyoleta?"

Nilimnyang'anya kijiko mkononi, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mama yangu maishani, kisha nikapiga goti kumwomba radhi. Unga huu haufai kuliwa. Ni sumu ukiingia tumboni kwa wingi, na mtoto mdogo anadhurika kwa kiasi kidogo zaidi. Unafanana na magadi, unafanana na chumvi, unafanana na unga. Neno SUMU na alama yake ilipaswa kuwa mbele, kubwa, kwa lugha ambayo mama anaisoma.

Kasoro ya tatu ni ndogo: mfuko haujifungi tena. Kwa unyevu wa huku, baada ya miezi mitatu sehemu ya juu ilishikana mabonge. Bado yanayeyuka, ila kupima bonge kwa kijiko ni kujidanganya.

Naipa nyota nne. Bei ni ya haki: kwa gramu 16 kwa bomba, kilo moja inatoa bomba 62, yaani shilingi 226 kwa bomba. Nikiishiwa nitarudi duka lilelile, kwa binti yuleyule.

Kwenye mfuko zilibaki gramu 768. Jirani zetu walipoyaona majani ya mama wakaanza kuja na vikopo. Sikuwapa kwa vikopo. Jumamosi iliyopita nilikaa na wanafunzi wawili, mizani katikati yetu, tukafunga pakiti kumi za gramu 16 kila moja. Juu ya kila moja yule binti wa kiti cha nyuma aliandika kwa kalamu nene: BORONI. BOMBA MOJA LA LITA 16. SUMU, SI MAGADI. Nane zimeshachukuliwa.